Hodi Katika Ukungu

Zahanati ya Parokia,
Kibosho, Moshi.
Mwezi wa Agosti, baridi bado haijatuachia.

Kaka yangu mpendwa Ansgari,

Shikamoo, kaka. Nakuamkia kutoka huku mlimani, ambako leo nimewasha jiko la mkaa kabla hata ya kutafuta viatu. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje, au bado anauficha chini ya kanga akiona mtu anakuja kumuuliza? Na wifi ameshapona homa? Nijibu kwa kirefu safari hii. Barua yako iliyopita ilijaa mambo ya dini, na habari za watu ukazinyunyiza juu juu kama chumvi.

Mimi sijambo. Wajawazito hawapungui, na kwa hiyo kazi ipo. Kahawa inawakatisha watu tamaa huku kama huko kwetu Mbinga. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori na mizani zao, bei hupanda leo, kesho ikaanguka, na wengine wameng'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakapanda nyanya. Wazee hupita wakayatazama yale mashimo, wakaendelea na safari.

Sasa nije kwenye swali lako. Unasema wakatekumeni wako walikuuliza: kama Mungu ameshajua tangu zamani nani ataokoka na nani atapotea, maji ya ubatizo ni ya kazi gani? Ukawajibu kama ulivyofundishwa, ukaona nyuso zao hazijaridhika, na usiku ukagundua kwamba hata wewe hukuridhika. Halafu ukaniuliza, najua kwa utani, kama mkunga ana lake la kusema.

Jibu sina, kaka. Lakini mwezi uliopita kuna jambo lilitokea hapa nyumbani ninapoishi, na tangu siku hiyo swali lako ninalala nalo na kuamka nalo. Nitakusimulia lilivyokuwa, wewe ndiye katekista, utaona la kufanya nalo.

Unakumbuka nilikueleza kwamba nimepanga chumba kwa mjane mmoja. Anaitwa Bibi Kalista. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyekosa Misa ya asubuhi hata mvua inyeshe vipi. Kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kimeteremka hadi ukingoni mwa korongo. Kuna nyumba kubwa ya bati, ambamo nina chumba changu na mwanawe wa mwisho, Priscus, ana vyumba vyake. Nyuma yake kuna jiko la zamani, la mbao, ambalo ndilo makao ya Bibi Kalista tangu asubuhi hadi jioni, yeye na moto wake, na ng'ombe wake upande wa pili wa ukuta.

Habari hizi nilizipata kwake mwenyewe, siku moja tukimenya ndizi za mtori. Alizisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha.

Mume wake, Mzee Alfonsi, alikuwa ametoka kwenda kwenye chama cha ushirika kupeleka kahawa. Ilikuwa mchana, ukungu umeshuka. Bibi Kalista yuko jikoni, mlango umerudishwa kwa sababu ya baridi, akasikia sauti ya mumewe mlangoni: "Hodi." Akajibu, "Karibu." Akangoja. Hakuna aliyeingia. Akafungua, akaona migomba tu na ukungu ukipita katikati yake kama watu wanaokwenda kanisani. Kabla ya jioni wakamleta Mzee Alfonsi kwenye machela. Alikuwa ameanguka njiani, na hakuamka.

Nikamwuliza, "Lakini bibi, mtu anapigaje hodi nyumbani kwake mwenyewe?"

Akasema, "Ndipo nilipotakiwa kushtuka, nesi. Sikushtuka. Nikamkaribisha."

Miaka ikapita, ikawa zamu ya Klemensi, kifungua mimba wake, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Tanga. Mchana tena, ukungu tena. Sauti ya Klemensi mlangoni: "Hodi, mama." Jinsi alivyofurahi, alidhani mwanawe amekuja likizo bila taarifa. "Karibu, mwanangu." Akakimbilia mlango. Hakuna mtu. Telegramu ikaletwa kesho yake.

Wote wawili wamezikwa pale pale kihambani, kama ilivyo desturi ya huku. Kila nikienda kuchota maji napita kati ya makaburi yao, na migomba imeyainamia.

Wewe utasema ni huzuni inayomfanya mtu akumbuke mambo kinyumenyume, kilio kikatangulia kifo. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka ya tatu, ambayo ilitokea nikiwepo.

Nilikuwa nimerudi kula mchana, nikamkuta Bibi Kalista amesimama nje ya jiko, kisu mkononi, na ndizi aliyoimenya nusu mkono wa pili.

"Nesi, umepishana na mtoto?"

"Mtoto gani, bibi?"

"Wa kike. Amepiga hodi hapa sasa hivi. Ameniita bibi."

Mtoto hakuwepo. Zaidi ya hayo, watoto wa Bibi Kalista walikuwa wawili tu, na hakuwa na mjukuu. Klemensi alikufa bila kuoa, na Priscus alikuwa ndio kwanza ameoa binti wa Kilutheri kutoka Machame, anayeitwa Ndeshi. Lakini mwili ulinisisimka, kaka, kwa sababu ambayo sikuweza kumwambia. Asubuhi ile ile Ndeshi alikuja kwangu zahanati kwa siri. Nilimpima, nikamwambia ana mimba changa. Hata Priscus alikuwa hajajua. Katika dunia nzima tulijua mimi na yeye tu.

Nikamwuliza Bibi Kalista, "Ulimjibu?"

"Nilimjibu. Neno la karibu lilinitoka kabla sijakumbuka." Akakaa chini pale kizingitini, akaiweka ile ndizi mapajani kana kwamba imekuwa nzito.

Mimba ilipojulikana, wengine wote nyumbani walifurahi, yeye hakufurahi. Huku mama mkwe huanza mapema kutenga mnyama wa kumlisha mzazi, maana mzazi wa Kichagga hulishwa mpaka ang'ae. Bibi Kalista hakutenga hata kuku. Siku moja akamwita Priscus, akamweleza yote. Priscus anauza mitumba soko la Kiboriloni, ni kijana wa maneno mengi, mcheshi. Alicheka. Halafu akaona mama yake hacheki, naye akaacha. Aliporudi nyumba kubwa aliniambia, "Nesi, liandikwalo ndilo liwalo. Sasa nifanye nini?" Tangu hapo akawa hamtazami mkewe tumboni.

Ndeshi yeye hakuficha mawazo yake. Alinikuta nikifua, akasema, "Dada, mimi baba yangu ni mzee wa kanisa. Nimekua nikisikia kwamba Mungu humchagua mtu kabla hajazaliwa. Lakini baba alikuwa akisema hivyo huku anatabasamu. Kwetu lilikuwa neno la kumpa mtu usingizi. Hapa limekuwa la kumnyima."

Mtoto alizaliwa wakati wa masika, barabara ya kushuka mjini imekatika kwa matope, gari haliwezi kupita. Nilikuwa nimejua kwa wiki kadhaa kwamba ametanguliza matako. Unapoweka sikio kwenye lile tarumbeta letu la mbao, unasikia moyo wa mtoto unapigia wapi, na mikono inakuambia kichwa kiko wapi. Nilijaribu kumgeuza kwa mikono taratibu, akageuka, na baadaye akarudi alivyotaka. Nakuandikia hili kwa sababu nililifikiria sana baadaye: mimi nilijua jinsi atakavyokuja, lakini si mimi niliyemketisha vile. Na kwa sababu nilijua, nilipata nafasi ya kujaribu kumgeuza. Sijui kama Mungu naye hujua kwa namna hiyo. Sithubutu kusema.

Bibi Kalista alinifuata hadi mlango wa chumba cha kujifungulia. Akaniambia polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake, "Usijichoshe, nesi." Nikafunga mlango. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Nikampulizia, nikamsugua mgongo, na mwishowe akalia. Nje nikasikia hatua za Bibi Kalista zikienda zake kwenye matope. Hakungoja kumwona.

Ndeshi alimwita Aika, ambalo kwa Kichagga cha kwao ni asante.

Basi Aika akakua, mnene, mwenye sauti nyembamba inayopanda mwishoni mwa kila neno kama anauliza. Miaka mitatu karibu yote Bibi Kalista hakuwahi kumshika. Hakuwahi kumwita kwa jina, alisema "yule". Mtoto akimkimbilia, aliinuka kwenda kumtazama ng'ombe. Lakini kila jioni tulikuta kikombe cha maziwa kimewekwa dirishani kwa Ndeshi, kimefunikwa, bila neno. Ng'ombe akikauka, alinunua kwa jirani. Ndeshi aliyapokea maziwa hayo akiuma meno. Aliniambia, "Anamnywesha mtu ambaye ameshamzika."

Nilimwendea paroko wetu. Bibi Kalista alikuwa ameshamwambia mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na siri. Ni mzee mpole. Akasema, "Gaudensia, kujua si kusababisha. Mimi najua kesho jua litachomoza nyuma ya Mawenzi, wala si mimi ninayelisukuma."

Nikasema, "Lakini jua halina hiari, Padre. Halina mlango wa kufungua au kufunga."

Akaniomba nimsogezee chai. Sikumlaumu.

Sasa nifike mwezi wa saba. Wewe hujawahi kuuona ukungu wa huku. Wa kwetu hupanda kutoka bondeni asubuhi na jua huufukuza. Huu hushuka kutoka msituni, mchana, bila upepo, na unaposhuka sauti hubadilika. Mtu aliye mbali unamsikia sikioni, na aliye karibu unamsikia kama yuko ng'ambo ya korongo.

Siku hiyo Priscus alikuwa Kiboriloni. Ndeshi alikuwa ameshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, amemwacha Aika kwa jirani. Jirani akageuka kutazama chungu, na alipogeuka tena mtoto hayupo. Alikuwa amerudi nyumbani peke yake kupitia migombani, njia anayoijua. Mama hayupo, baba hayupo, nyumba kubwa imefungwa. Akaona moshi unatoka jikoni kwa bibi yake. Akaenda pale mlangoni, na kwa kuwa alikuwa ameanza kufundishwa adabu, akasimama akasema, "Hodi, bibi?"

Bibi Kalista alikuwa ndani. Alimsikia. Ilikuwa ile ile sauti aliyoisikia kabla mtoto hajazaliwa, yenye kupanda mwishoni.

Hakujibu.

Aika akarudia. Hakujibu. Aliniambia baadaye kwamba alisimama akaegemeza mgongo mlangoni na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili, akihofia neno lisimtoke lenyewe kama zamani. Mtoto akabisha hodi tena na tena, halafu kukawa kimya.

Mimi wakati huo nilikuwa nimefunga zahanati. Kutoka zahanati kuja nyumbani kuna njia mbili. Moja hupita kanisani, pana, ina mawe, na ndiyo njia yangu siku zote. Nyingine hushukia kwenye kahawa na kufuata mfongo, ule mfereji wa kumwagilia waliouchimba wazee, unaopita kwenye ukingo wa korongo. Hiyo siipendi, inateleza, na sehemu moja mfongo unavukwa kwa gogo, na upande wa pili wa gogo ni shimo tupu mpaka mtoni.

Siku ile sikuamua chochote, kaka. Nataka unielewe hapa. Sikuitwa, sikuota, sikusikia sauti. Nilikuwa nikifikiria dawa zilizotuishia. Nilishtuka tu ninasikia maji karibu na miguu, nikajua nimeshaingia njia ya chini na nimeshatembea sana. Nikakasirika, nikasimama kutaka kurudi. Ndipo nikamsikia Aika.

Alikuwa mbele yangu, ndani ya ukungu, anaongea. Nikasogea polepole. Nikamwona amesimama kwenye gogo lenyewe, katikati, miguu mitupu, amekipa kisogo kihamba na kuutazama ule weupe upande wa korongo. Anasema, "Hodi?" Ananyamaza, anasikiliza, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikia nyayo za mwenye nyumba. Kisha tena, "Hodi?"

Kwa nini alikuwa akiubishia hodi ukungu, sijui. Nilipomwuliza baadaye alisema, "Kule kuna mlango." Sikumwuliza zaidi na sitamwuliza.

Nikamwona anainua mguu. Nikajua nikipiga kelele atashtuka ateleze. Nikinyamaza, ataendelea kwenda anakokwenda. Lilikuwa limebaki kumjibu, ili ageuke upande wangu. Na neno la kujibu hodi ni moja, watu wote wanalijua. Kaka, mimi niliyesomea kazi hii, niliyekuwa nikicheka moyoni ninapomwona Bibi Kalista akimkwepa mtoto, ulimi ulinigandia. Niliogopa kusema karibu. Niliwakumbuka Mzee Alfonsi na Klemensi, jinsi walivyokaribishwa. Na nikimwambia karibu, angenijia kwa mbio juu ya gogo lenye maji.

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, polepole kabisa, "Subiri hapo hapo, mgeni. Nakuja kukupokea."

Akageuza kichwa. Akasimama, kama wageni wanavyosimama wakisikia mwenyeji anakuja. Nikaingia kwenye mfongo na viatu vyangu vya kazi, maji ya baridi mpaka magotini, nikatembea ndani ya maji mpaka chini ya gogo, nikamshika kiunoni. Aliniwekea mikono shingoni. Alikuwa wa moto, kama aliyekuwa amekaa karibu na moto, na mimi nilikuwa natetemeka.

Tulipofika nyumbani Ndeshi alikuwa ameshatua mzigo wa majani na anamtafuta mtoto kwa sauti ambayo ilikuwa imeanza kukatika. Jirani analia. Bibi Kalista ametoka nje ya jiko, amesimama wima, ukungu unamfunika mpaka kifuani. Alipomwona mtoto mikononi mwangu alisema tu, "Yu hai?"

Nikasema, "Yu hai, bibi."

Ndeshi alimchukua mwanawe. Kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Alikuja kwako. Nyayo zake ziko hapa mlangoni, tazama. Alikuja, na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani," akasema Bibi Kalista.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukamwacha nje."

Nilidhani Ndeshi atampiga. Bibi Kalista alisema, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake ikitetemeka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Baba yake Priscus nilimkaribisha. Klemensi nilimkaribisha. Huyu neno lilinitoka mara moja kabla hajazaliwa, nikasema simkaribishi mara ya pili. Nilisema nikinyamaza, labda neno halitatimia. Miaka yote hii simshiki ili nisizoee, nisije nikasahau siku akiniita nikamjibu. Mwanangu, mimi nilikuwa namwokoa."

Moshi ulikuwa ukitoka juu ya mlango ule uliofungwa. Ninaandika haya na bado nauona.

Umeona mambo yalivyokaa, kaka? Yeye alitumia hiari yake yote, miaka mitatu, kukataa lile aliloamini limepangwa, na kukataa huko ndiko kulikompeleka mtoto kwenye gogo. Na mimi ambaye sikutumia hiari yoyote, ambaye nilipotea njia tu, ndiye niliyemkuta. Nimejiuliza ni nani aliyezigeuza zile hatua. Nikisema ni Mungu, basi ni nani aliyeuziba mdomo wa Bibi Kalista? Nikisema ni bahati, naona aibu mbele ya mtoto. Hapa ndipo nilipofikia, na sitakudanganya kwamba ni mbali: miguu ile sijui ilikuwa ya nani, lakini neno nililolisema lilikuwa langu. Nililitafuta mwenyewe, kwa woga, na ningeweza kutolisema. Waambie wakatekumeni wako kama unaona linafaa. Kama halifai, liache.

Asubuhi iliyofuata Bibi Kalista hakwenda Misa. Alikwenda mpakani mwa kihamba akakata isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, wanaupanda mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia mtu. Alilifunga fundo, akaja nalo nyumba kubwa, akapiga magoti mbele ya Ndeshi, mkwe wake, mtoto mdogo kwake. Priscus alitaka kumwinua, nikamshika mkono.

Ndeshi alilitazama jani lile muda mrefu. Yeye ni Mchagga pia, analijua. Akalipokea. Akasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini ule mlango utoke."

Priscus akasema, "Ndeshi, ni mwezi wa saba. Baridi itamuua."

"Tutampa blanketi langu. Mtoto wangu hatapiga hodi tena pale, wala mtu mwingine. Asiyekuwa na mlango habishiwi."

Bibi Kalista, bado yuko chini, akasema, "Utoke."

Priscus akang'oa bawaba kwa nyundo, akaubeba mlango akauegemeza kwenye zizi, ambako unalowa mpaka leo. Ukungu ukishuka mchana huingia jikoni moja kwa moja, hukaa, hata moto hauonekani vizuri. Bibi Kalista amejifunga blanketi la Ndeshi. Aika huingia na kutoka bila kusema neno, humpandia mapajani, huvuta shanga za rozari yake, na mara ya kwanza nilipomsikia Bibi Kalista akimwita kwa jina lake nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Hivyo usidhani ninakuandikia msiba. Mtoto ni mzima, anakula, jana amenivunjia kikombe.

Lakini kuna jambo jingine. Sasa Bibi Kalista hamngojei mtu abishe hodi. Amekaa kuuelekea ule uwazi, na kila kinachopita hukiambia "Karibu." Mimi, jirani, kuku, wote anatukaribisha kabla hatujafika. Tulicheka mwanzoni. Juzi, mchana, nilikuja kuomba moto. Nikasikia anasema "Karibu" kabla hata sijatokea kwenye kona, kwa sauti ya upole sana, siyo ile anayotukaribisha nayo sisi. Nilipofika hakugeuka kunitazama. Alikuwa akitazama kando yangu kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kigoda karibu na moto, akakipangusa kwa kiganja, akakiacha.

Nilichukua kaa langu la moto. Lakini nilipotoka, kaka, nilikizunguka kile kigoda kwa mbali, kama unavyompisha mtu aliyekaa.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya mguu nimeituma kwa mwalimu anayekuja likizo huko, aipake na asiigawe kwa majirani. Nisalimie wifi, mwambie gauni lake nimelipata Kiboriloni, zuri, limevaliwa kidogo sana. Nisalimie shangazi msuka mikeka, na mjomba yule wa mashine ya kukoboa, na mdogo wetu aliye jeshini akiandika. Wakatekumeni wako uwasalimie pia, ingawa hawanijui, kwa kuwa wamenisumbua akili.

Usinijibu kwa katekisimu, kaka. Niambie tu wewe ungesema neno gani pale kwenye gogo.

Ni mimi dada yako, ninayewakumbuka nyote, na hata jina la kila mbuzi,

Gaudensia